Lawama ya Vijiti vya Sukari: kaka, dada na ujumbe wa saa tatu usiku

Kisa hiki tumekiunganisha kutokana na ugomvi wa kifamilia wa aina moja unaojirudia. Hakuna familia moja halisi nyuma yake. Kwa hiyo wahusika tunawaita kwa nafasi zao tu: Mama, kaka, dada, kitinda mimba, mjukuu. Tunachochambua ni projeksheni, yaani mtu kumvisha mwenzake kasoro yake mwenyewe, kupitia ujumbe mmoja wa WhatsApp uliotumwa Nairobi, jibu lake, na kazi iliyofuata baada ya wiki tatu za kununiana.

Walivyokuwa wamepatana

Mama ana miaka 68, anaishi Voi na mjukuu wake wa miaka 19, na ana kisukari cha kuchoma sindano za insulini. Watoto wake watatu walio hai wako Nairobi. Kaka, 47, ana duka dogo la vipuri vya magari Barabara ya Kirinyaga na amepanga Donholm. Dada, 39, ni keshia wa supamaketi, anaishi Kasarani. Kitinda mimba, 31, anafanya kazi ghalani Eneo la Viwanda. Baba yao alipofariki walipatana kwa mdomo: kila mwezi, kabla ya tarehe 5 kupita, kaka atatuma shilingi 5,000, dada 3,500 na kitinda mimba 2,500. Jumla 11,000 kwenye M-Pesa ya mjukuu, za dawa, vijiti vya kupimia sukari, nauli ya kliniki, na msichana wa kufua na kuteka maji siku tatu kwa wiki.

Aprili kaka alituma 5,000. Mei alituma 2,000. Juni hakutuma kitu. Hakuna aliyemuuliza, maana yeye ndiye mkubwa, na mkubwa ndiye huuliza wengine. Dada alituma kamili Aprili na Mei. Juni alituma 3,500 zake tarehe 14, siku tisa baada ya muda. Mjukuu, kwa busara ya kijana asiyetaka kuwasumbua wakubwa, alipunguza vijiti: badala ya Mama kupima kila asubuhi, akawa anapima siku moja na kuruka moja.

Jumapili moja ya Julai binamu yao aliweka picha kwenye status: dada na wafanyakazi wenzake wakila nyama choma Kenyatta Market. Usiku huo kaka akaandika kwenye kundi la familia:

“Kuna watu wanakula nyama Kenyatta Market na Mama hana vijiti vya kupima sukari. Dada, wewe ulishamsahau Mama. Hata simu hupigi. Pesa mpaka ukumbushwe. Ukiulizwa unaleta visingizio. Wewe ni mtu wa kujifikiria tu, kila siku.”

Dada alijibu baada ya dakika nne: “Kaka, nilituma tarehe 14. Wewe ulituma lini?” Kisha akatuma sauti ya dakika mbili, na kiini chake kilikuwa hiki: “Hayo yote unayosema yanakuhusu wewe. Hii ndiyo ile wanaita projeksheni. Unajisema mwenyewe halafu unaandika jina langu. Na hiyo tabia yako ya kutaka uonekane ndiye mtoto mwema, wacha.”

Kaka akatoka kwenye kundi.

Kwa sehemu kubwa dada alikuwa amesema kweli. Haikusaidia kitu, na hapo ndipo kisa kinapostahili kuangaliwa polepole.

Dakika ishirini na nane

Simu ya kaka jioni ile inasomeka hivi. Saa 3:12 usiku, ujumbe kutoka kwa wakopeshaji wa simu: mkopo wake wa shilingi 20,000 umepita siku ya kulipa. Saa 3:25, mjukuu: “Mjomba, vijiti vimeisha tangu jana.” Saa 3:31, picha ya dada na sinia la nyama. Saa 3:40, ujumbe umetoka. Mjukuu hakujibiwa. Wa mkopo hakujibiwa. Aliyejibiwa ni mtu pekee ambaye hakuwa amemwandikia.

Huu mpangilio wa saa ni wa kutafutwa kila mara kabla ya kuanza kueleza nafsi ya mtu. Ugomvi mkali una kitu kilichotangulia, na mara nyingi kiko kwenye simu, kina saa na dakika. Ukimuuliza mtu “kwa nini ulimwandikia vile?” atakupa hadithi kuhusu tabia ya dada yake tangu utotoni. Ukimuuliza “nusu saa kabla ya hapo ulikuwa unaangalia nini?” atakuonyesha.

Hatua ya pili ni kupasua ujumbe wenyewe vipande. Una mashtaka matano: kumsahau Mama, kutopiga simu, kuchelewesha pesa, visingizio, na kujifikiria. La tano tunaliweka kando kwa sababu halipimiki. Ni hukumu ya tabia, na hukumu ya tabia haina tarehe. Manne yaliyobaki yanapimika. Taarifa ya M-Pesa unaipata kwa kubonyeza *334# kisha akaunti yako, inakuja kwa barua pepe. Orodha ya simu zilizopigwa iko kwenye simu yenyewe na kwenye WhatsApp. Kila mmoja anatoa zake na kujisomea mwenyewe kwanza. Tunasisitiza hilo kwa sababu karatasi hizi zikiwekwa mezani siku ya kwanza zinageuka ushahidi wa mahakamani, na watu wanaanza kutetea tarakimu badala ya kuzitazama.

Matokeo yalikuwa haya. Simu: Juni dada alimpigia Mama mara 11, kaka mara 2, zote chini ya dakika tatu. Pesa: dada alichelewa siku tisa lakini alitimiza, kaka alikuwa na pengo la 8,000. Kwenda Voi: dada Pasaka, kaka Desemba. Visingizio: dada alitoa kimoja, kwamba mshahara ulichelewa, na hakikuwa cha kweli, kaka hakutoa hata kimoja kwa sababu hakuulizwa, ila alikuwa navyo tayari, amevipanga kichwani kwa ajili ya siku ambayo angeulizwa.

Kwa hiyo shtaka la pesa lilimgusa dada kidogo, la visingizio likamgusa vilevile, na mengine hayakumgusa. Yote manne yalimkaa kaka kama nguo aliyoshonewa. Ni muhimu kwamba dada hakuwa safi kabisa. Kasoro ya mtu haihamishiwi kwa yeyote tu. Inatafuta mahali pa kushika, na zile siku tisa za Juni pamoja na sinia la nyama vilitosha. Ndiyo maana mwenye kulaumu hajioni mwongo. Ana kipande cha ukweli mkononi, anachokosea ni uzito wake.

Kinachoendelea ndani

Wazo la projeksheni ni la zamani. Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi, alilieleza mwaka 1895 katika maandishi aliyomtumia rafiki yake Wilhelm Fliess: lawama ambayo mtu angejielekezea mwenyewe inamrudia kana kwamba inatoka nje. Binti yake, Anna Freud, akaliorodhesha mwaka 1936 miongoni mwa kinga za nafsi, yaani njia ambazo akili hujilinda na uchungu. Lakini maelezo yanayotufaa zaidi hapa yalikuja baadaye, kutoka kwenye maabara.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na wagonge kengele kila akiwajia akilini. Kengele ililia na kulia. Zaidi ya hayo, waliporuhusiwa kumfikiria, walimfikiria kuliko wale ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Miaka kumi baadaye, mwaka 1997, Leonard Newman, Kimberley Duff na Roy Baumeister walilipeleka jambo hilo kwenye kasoro za watu. Washiriki walipewa matokeo ya uongo ya kipimo cha tabia, wakaambiwa wana kasoro fulani mbili. Moja waliruhusiwa kuizungumzia. Nyingine waliombwa waizuie isiwajie akilini. Kisha walionyeshwa video ya mtu aliyeonekana mwenye wasiwasi, wakaulizwa wanamwonaje. Ile kasoro waliyokuwa wameikandamiza ndiyo waliyomwona nayo zaidi.

Hapo hakuna hila wala ubaya wa moyo. Jitihada ya kutofikiria jambo inaliweka jambo hilo mlangoni mwa akili, likisubiri, na mtu wa kwanza kupita mwenye dalili yoyote inayofanana analipokea. Kaka alikuwa ametumia wiki nzima za Juni kutofikiria kwamba amemtelekeza Mama. Watu wangesema nyani haoni kundule. Katika kisa kama hiki methali hiyo inapotosha kidogo, kwa sababu kaka alikuwa ameshaona, sana tu, na nguvu zote zilikwenda kwenye kugeuza uso.

Wengi hudhani pia kwamba anayemvisha mwenzake kasoro yake hupata nafuu. Baumeister na wenzake walipozipitia tafiti mwaka 1998 walikuta ushahidi mzuri kwamba watu huona kwa wengine kasoro zao wenyewe, lakini hafifu sana kwamba jambo hilo linawapunguzia uchungu. Inaendana na tunayoyaona. Baada ya kutuma ujumbe, deni la 20,000 liko palepale, vijiti havipo, na sasa kuna dada aliyekasirika.

Huenda ni lawama ya haki tu?

Swali hili lazima liulizwe, tena mapema, kwa sababu neno projeksheni limekuwa kichaka cha kujifichia. Mtu akiambiwa “hujalipa deni langu” anajibu “unajisema mwenyewe”, na mdai anaondoka mikono mitupu.

Kipimo tunachokiamini kuliko vingine ni hiki: lawama inaomba nini? Aliyekosewa kweli huwa anataka kitu. “Tuma 1,000 leo, nitatuma 1,000 kesho, mjukuu anunue vijiti.” Usome tena ujumbe wa kaka. Hauombi chochote. Hakuna kiasi, hakuna siku, hakuna la kufanya. Hata dada angetaka kutii asingejua aanzie wapi. Lawama isiyo na ombi haikuandikwa ili jambo litendeke.

Kipimo kingine ni jinsi inavyopokea ushahidi. Yenye haki hupungua ukali ukweli ukitolewa: “Kumbe ulituma? Basi samahani, sikuona.” Ya kuhamishwa huruka kwenda shtaka jingine, na jingine likijibiwa inarudi kwenye la kwanza kana kwamba halikujibiwa. Maneno kama “kila siku”, “kamwe” na “wewe ni mtu wa” yanasaidia kutambua, lakini tusiyategemee sana. Hata aliyeonewa hutia chumvi.

Kuna hali nyingine tatu zinazofanana nayo. Ya kwanza ni ile aliyoieleza Lee Ross na wenzake mwaka 1977: tabia ya kudhani wengi wanafanya kama tufanyavyo sisi. Hiyo haina moto. Anayechelewa kulipa anasema kwa utulivu kwamba “kila mtu huchelewa”. Ya pili ni jeraha la zamani, ambapo mtu anamjibu mwenzake maneno yaliyomstahili mwingine, pengine baba. Utaitambua kwa sababu sentensi hazilingani na umri wala uwezo wa anayeambiwa. Ya tatu ni kusingizia kwa makusudi. Huyo anajua anachofanya, ana faida anayoiwinda, na hadithi yake haibadiliki. Kaka hakuwa na faida yoyote ya kuipata kutoka kwenye kundi lile.

Na panapokuwa na kipigo, vitisho au mtu kumfungia mwenzake pesa na simu, kazi hii ya kujitazama haifai kuanza na anayeumizwa. Hapo kinachotangulia ni usalama. Kenya ina namba ya bure 1195 kwa wanaopitia ukatili wa kijinsia.

Kwa nini jibu la kweli halikufaa

Dada aliusoma mpira vizuri na bado akaupiga nje. Alimjibu kaka mkubwa mbele ya kitinda mimba na binamu wanne. Alitumia swali lenye jibu analolijua, “wewe ulituma lini?”, ambalo kila Mkenya anajua halihitaji tarehe. Halafu akamweleza nafsi yake. Hilo la mwisho ndilo baya zaidi, na tungependa wanaosoma mambo ya saikolojia mtandaoni walishike: kumtajia mtu kinga yake katikati ya ugomvi kunamlazimisha aikaze. Mtu hawezi kukubali na kujilinda kwa wakati mmoja.

Mwili nao ulikuwa na yake. John Gottman, aliyechunguza mabishano ya wanandoa Marekani kwa miaka mingi, anashauri kupumzika angalau dakika 20 mapigo ya moyo yakipita takriban 100 kwa dakika, kwa sababu juu ya hapo mtu hasikii vizuri. Kupima ni rahisi: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu kwa sekunde 15, ukifika 25, umeshafika 100. Hizo dakika 20 zinafaa tu ukizitumia kwa jambo lingine kabisa, kama kuosha vyombo au kutembea hadi kioskini. Ukikaa kitandani ukitunga jibu, moyo hautashuka.

Tungemshauri dada ajibu hivi, mara moja, bila sauti: “Kaka, nimesoma. Kweli Juni nilichelewa siku tisa. Vijiti namtumia mjukuu 1,000 sasa hivi. Haya mengine tuongee wewe na mimi Jumamosi.” Amekubali kilicho chake, ametenda kilicho cha haraka, na amekataa kimya kimya kubeba yaliyobaki. Hajamwita kaka mwongo wala mgonjwa.

Kuna kitu kingine kwenye sauti ile ambacho kitinda mimba alikigundua kabla ya mtu yeyote. “Unataka uonekane ndiye mtoto mwema.” Kaka hakuwa ameweka picha yoyote. Aliyeweka picha tisa za Pasaka, akimpakulia Mama pilau, ni dada.

Ukurasa wa kaka

Kazi yake ilikuwa ya kalamu na karatasi, dakika 15 kila jioni kwa jioni nne. Muda huo tumeuazima kwa mwanasaikolojia James Pennebaker, ambaye tangu mwaka 1986 alitumia dakika 15 za kuandika kwa siku nne mfululizo katika majaribio yake. Kuandika kwenye simu tunakukataza. Arifa ya wakopeshaji ikiingia, jioni imeharibika.

Jioni ya kwanza ananakili ujumbe wake neno kwa neno, kila shtaka mstari wake. Jioni ya pili anageuza mtendaji: “Nilishamsahau Mama. Hata simu sipigi. Pesa mpaka nikumbushwe. Nina visingizio. Ni mtu wa kujifikiria tu.” Anasoma kwa sauti, taratibu, na kuweka alama pale mwili unaposhtuka: koo, tumbo, joto la uso. Hatafuti sentensi iliyo kweli, anatafuta inayochoma. Kwa kaka haikuwa ya pesa, kinyume na tulivyodhani sote. Ilikuwa ya simu.

Jioni ya tatu ni maswali, na hapa wengi huharibu kwa kuuliza “kwa nini niko hivi?” Swali hilo hukaribisha ama utetezi ama kujipiga. Yanayofaa ni ya nini, lini na kiasi gani, na ni vyema mtu ajiulize kwa jina lake, kama anavyomuuliza rafiki. Ethan Kross na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba kujisemesha kwa jina badala ya “mimi” kunawasaidia watu kutulia kabla ya jambo la kuwatisha. Kwa hiyo: mara ya mwisho ulipotaka kumpigia Mama ukaacha, nini kilikuja akilini? Jibu lilikuwa fupi. Mama, kila akipigiwa, baada ya salamu huuliza swali lilelile: “Na duka linaendeleaje, baba?” Kaka alikuwa hawezi kumwambia kwamba wateja wamepungua, na hakutaka kumdanganya. Akaacha kupiga.

Hilo linabadilisha kisa chote. Aliyejiona amemtelekeza mama yake alikuwa anamkwepa kwa aibu ya biashara. Utelekezaji na aibu vinatibiwa tofauti. Kama tungeishia kwenye jioni ya pili, kaka angejibandika jina la mtoto mbaya na huenda angekwepa zaidi. Hili ndilo kosa kubwa la zoezi la kugeuza mtendaji likifanywa nusu: mtu anachukua lawama yote aliyomvisha mwenzake na kujivisha yeye, ikiwa na uzito uleule wa kupita kiasi. Yenyewe bado haijapimwa.

Jioni ya nne kwa hiyo ni ya vipimo. Sentensi kubwa zinaandikwa upya kwa tarehe na kiasi: “Tangu Mei nimetuma pungufu kwa 8,000. Nimempigia Mama mara mbili Juni. Nina mkopo wa 20,000 ambao hakuna anayeujua.” Hakuna neno la tabia. Karatasi ya kwanza ikachanwa. Hii ya nne ikakaa.

Mazungumzo

Walikutana Jumamosi saa tisa alasiri kwenye kibanda cha chai karibu na kwa kaka. Tulipendekeza wawili tu, muda usiozidi saa moja, wakae pembe ya meza badala ya kutazamana, na kaka aanze. Aliyetuma lawama ndiye anayefungua; akifungua mwingine, inageuka kesi.

Kaka alisema: “Dada, nilikusema mbele ya watu kwa mambo ambayo mimi ndiye nimeyashindwa. Juni sikutuma. Biashara imelala na nina mkopo wa simu. Mama simpigii kwa sababu ataniuliza duka.” Kisha akanyamaza, na kunyamaza huko kulikuwa sehemu ya maandalizi. Dada alikaa kidogo, akasema, “Kaka, si ungeniambia tu?” Hapo kaka nusura aseme “lakini na wewe ile nyama”. Hakusema. Sentensi ya “lakini na wewe” ni ya kikao kingine, siku nyingine, na mara nyingi haihitajiki tena; dada mwenyewe ndiye aliyeleta habari ya mshahara ambao haukuchelewa.

Mambo mawili huenda mrama katika hatua hii. Moja ni kukiri kunakogeuka ombi la kubembelezwa: mtu anaeleza deni lake hadi aliyetukanwa anaishia kumfariji, na kosa linapotea. Tunaweka kikomo cha sentensi nne. La pili ni kuomba radhi faraghani kwa tusi la hadharani. Jumapili kaka alirudishwa kwenye kundi na kuandika mistari miwili: “Ujumbe wangu wa siku ile ulikuwa na makosa. Dada alituma pesa ya Juni kamili, mimi ndiye sikutuma.” Hakueleza mkopo, hilo halikuwa la binamu.

Pesa

Ugomvi ulikuwa na mzizi mwingine ambao hakuna zoezi la nafsi linaloweza kuung’oa: mapatano yao hayakuwa na kifungu cha mtu kupungukiwa. Kwa kuwa hapakuwa na namna ya kusema “mwezi huu sina”, kila upungufu ulikuwa siri, na siri ndiyo iliyokandamizwa.

Kuanzia Agosti walipanga upya: kaka 3,000, dada 3,500, kitinda mimba 3,000. Jumla 9,500. Zile 1,500 zilizopungua zilifidiwa kwa msichana wa kazi kuja siku mbili badala ya tatu, na vijiti vikawekwa juu ya orodha, vinanunuliwa kabla ya kitu kingine chochote. Kaka alikuwa na tatizo la kiufundi pia. Wateja humlipa kwenye namba yake, na Fuliza, mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio lisipotosha, hujikatia deni lake kwanza kila pesa inapoingia. Ndiyo maana Mei alibaki na 2,000 siku aliyokusudia kutuma 5,000. Sasa anampa kitinda mimba 750 taslimu kila Jumamosi, mara nne kwa mwezi, na kitinda mimba ndiye anayetuma. Atakayepungukiwa anaandika kabla ya tarehe 3, kiasi tu, bila maelezo, na hakuna ruhusa ya kumuuliza sababu kwenye kundi.

Mwisho wa Agosti kaka alimwandikia kitinda mimba ujumbe wa ukali kuhusu “vijana wa starehe”, akaufuta kabla haujajibiwa. Kitinda mimba aliona tu kwamba kuna ujumbe uliofutwa, akampigia kuuliza kama wakopeshaji wamemtumia ujumbe tena. Walikuwa wametuma. Marudio kama haya ni ya kawaida, na hatuyahesabu kuwa kushindwa. Kipimo ni muda unaopita kati ya kuandika na kushtuka, ambao mara ya kwanza ulikuwa wiki tatu.

Lile pengo la 8,000 bado halijalipwa. Wamekubaliana lisubiri mkopo uishe. Simu ya kwa Mama kaka anaipiga Jumapili asubuhi, na swali la duka ameshalijibu: amemwambia kwamba biashara imelegea. Mama akamuuliza kama anakula vizuri. Ukurasa wa dada, ule wa kutaka kuonekana mtoto mwema, ameuandika jioni mbili kati ya nne. Za mwisho mbili amesema atazifanya kwa mshauri nasaha, na tumemwambia ahakikishe mtu huyo amesajiliwa kwa mujibu wa sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014 kabla ya kulipa kikao cha kwanza.